Swali Uliloliruka

Busi, Kondoa
3 Machi 2024

Kwako Mama mdogo Mwanahawa,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Ni matumaini yangu kuwa wewe na mdogo wangu Naima hamjambo hapo Miyuji. Sisi huku tu wazima. Mvua za mwaka huu hazina simile, korongo la njia ya shule limejaa mara mbili na mara zote tumegeuzwa nyumbani. Baba yuko Kiteto shambani tangu Desemba, ametuma salamu kuwa mahindi yamekubali. Mdogo wangu Harithi ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa hataki kucheka mbele ya watu. Mama anakusalimu sana.

Mama mdogo, dhumuni la barua hii ni Kiingereza. Shule ya msingi tulisoma kila kitu kwa Kiswahili, na sasa hata baiolojia inakuja kwa Kiingereza. Mwalimu wetu, Mwalimu Ludovick, anatoa maswali kila Ijumaa, na Novemba tuna mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Asiyefaulu anarudia mwaka. Katika ukoo wetu ni wewe tu unayekaa ofisini na makaratasi ya Kiingereza, kwa hiyo nimeona nikusumbue.

Swali la kwanza. "Borrow" na "lend" zote kamusi inasema kuazima. Nitajuaje ipi ni ipi?

Swali la pili. "Left" najua ni aliondoka. Lakini kuna mahali nimeikuta na hapana mtu aliyeondoka. Je, ina maana nyingine?

Swali la tatu. "Lump" ni nini?

Tafadhali nijibu kwa barua, si kwa simu. Simu anakaa nayo mama, na mimi napenda kuyabandika majibu kwenye daftari. Barua hii nampa Castory, konda wa basi la Dodoma, kasema atakuletea hadi ofisini.

Wako mtiifu,
Jaha Uwesu


Miyuji, Dodoma
17 Machi 2024

Mwanangu Jaha,

Waalaykumu salaam, marahaba. Barua yako imenikuta nimefunga, swaumu ya sita leo, na joto la Dodoma unalijua. Naima ameanza chekechea, anarudi kila siku na kiatu kimoja. Ofisini bado nipo masjala, mafaili juu ya mafaili.

Umefanya vizuri kuniuliza. Hilo la kwanza linatusumbua kwa sababu sisi neno letu ni moja. Ukienda kwa jirani kuchukua kinu, wewe ndiye una-"borrow". Jirani anayekupa ndiye ana-"lend". Angalia kitu kinatoka mkononi mwa nani.

"Left" ni kweli aliondoka, lakini pia ni kushoto. Mkono wa kushoto, upande wa kushoto.

"Lump" ni bonge. Kama bonge la unga kwenye uji usiokorogwa vizuri.

Nampigia mama yako, simu inaita mpaka inakatika. Wiki hii peke yake nimempigia mara tatu. Najua dada yangu si mtu wa maneno mengi kwangu, lakini mwezi huu ni wa kusameheana. Mwambie nimemsalimu.

Mimi mama yako mdogo,
Mwanahawa


Busi
1 Aprili 2024

Kwako Mama mdogo,

Shikamoo, na poleni na swaumu. Majibu yako yamenisaidia, lile la "borrow" nimelipata peke yangu darasani na Mwalimu Ludovick akaniambia nilieleze ubaoni. Baba bado hajarudi. Harithi amejaribu kufunga, saa nne akakutwa nyuma ya ghala anakula muwa.

Mama anafunga siku zote ingawa amekonda. Siku hizi ndoo anaibeba kwa mkono wa kulia tu, na kutwanga ameniachia mimi. Harithi akimwegemea upande wa kushoto anamsogeza. Anasema ni uchovu wa swaumu.

Safari hii Mwalimu ametupa kifungu kifupi cha ufahamu. Sentensi zake ni za ajabu, nadhani kazikata makusudi ili sisi tuzikamilishe. Nakunakilia kama kilivyo:

"Painless lump, four months. Advised biopsy. Declined. Review 2/52."

Maswali ni haya. "Painless" ni nini? "Advised" ni nini? "Biopsy" ni nini? Kamusi ya shule imechanika, herufi B inaanzia katikati. "Declined" ni nini? Na ile 2/52 ni ya nini ndani ya Kiingereza?

Samahani kwa kukuchosha na wewe umefunga.

Jaha


Miyuji
15 Aprili 2024

Mwanangu Jaha,

Marahaba. Idi imekwenda salama, Naima alivaa gauni lile lile siku tatu. Natumaini nanyi mlikula vizuri.

Majibu yako:

"Painless" ni kisichouma.
"Advised" ni alishauriwa.
"Declined" ni alikataa.
2/52 ni wiki mbili. Mwaka una wiki hamsini na mbili, ndiyo maana wanaandika hivyo. "Review 2/52" ni arudi kuonwa baada ya wiki mbili.

Lile neno jingine liache kwanza. Ni neno la vitabu vikubwa, halitakuja kwenye mtihani wenu.

Hicho kifungu mwalimu amekitoa katika kitabu gani? Juu yake pana tarehe? Nijibu upesi, usingoje mwisho wa mwezi.

Mwanahawa


Busi
6 Mei 2024

Kwako Mama mdogo,

Shikamoo. Barua yako ilikaa kwa Castory siku kumi na mbili kwa sababu maji yalikata barabara na basi likawa linaishia Kondoa mjini. Nimeipata juzi. Harithi hajambo. Baba anasema atarudi baada ya kuvuna.

Mama mdogo, nilikuuliza maneno manne na zile tarakimu. Moja umeliruka. Ile 2/52 nilikuwa nimeshamwuliza mwalimu wa hisabati, akasema ni sehemu, ikirahisishwa ni moja ya ishirini na sita. Wewe ulijua mara moja kuwa ni wiki mbili. Umejuaje? Na mtu anayejua hayo, anashindwaje na neno moja?

Nitasema ukweli. Yale ya "borrow" na "lend" yalikuwa ya shule. Mengine si ya shule.

Februari shuleni walitaka nakala ya cheti cha kuzaliwa kwa ajili ya usajili wa mtihani. Mama alikuwa kisimani, nikafungua sanduku lake la kanga. Chini kabisa nikakuta karatasi ya hospitali ya Kondoa, imekunjwa mara nne. Jina ni la mama, Mwantum Hamisi. Umri miaka thelathini na tisa. Neno la kushoto nilikuuliza peke yake kwa sababu nililitenga na jirani yake, niliona aibu. Jirani yake ni titi.

Nilipojua kuwa "painless" ni kisichouma nilifurahi, nikasema kumbe si kitu. Kisha nikasoma tena barua yako nikaona hukufurahi.

Juu ya karatasi pana tarehe, ni 9 Januari. Wiki mbili zilikwisha Januari hiyo hiyo. Leo ni Mei, na mama hajarudi hospitali. Hajamwambia baba. Siku moja alinikuta nimekaa karibu na sanduku, akaniuliza natafuta nini, nikasema kitambaa. Akaketi juu ya sanduku na kuniambia, "Ya humu ni yangu. Hata Mwanahawa asiyasikie. Mwanahawa hasa." Salamu zile za Machi sikuagizwa na mama, niliziandika mwenyewe.

Naogopa, Mama mdogo. Nikitoka shule, nikifika pale kona ya kisima nasimama nisikilize kwanza kama kuna sauti ya mama uani. Nisipoisikia miguu inakataa kwenda. Darasani naangalia ubao na sioni kilichoandikwa.

Lile neno ni nini?

Jaha


Miyuji
10 Mei 2024

Mwanangu,

Leo sina salamu nyingi. Naima mzima, mimi mzima. Nimeipata barua yako jana, nimeisoma masjala nikiwa nimesimama kati ya makabati.

"Biopsy" ni kutoa kipande kidogo cha nyama mahali penye uvimbe, kikapimwa kwenye mashine kujua ni uvimbe wa aina gani. Ni hilo tu. Si kukatwa titi. Ndani yake mnaweza kukuta saratani, au msiikute. Karatasi ya mama yako haijasema ana saratani, imesema aende akapimwe, naye akakataa.

Umeniuliza nimejuaje 2/52. Nimejua kwa sababu karatasi kama hiyo nimeshaishika. Ilikuwa ya bibi yako, mama yetu, mwaka 2012. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nyumba nzima mimi ndiye niliyesoma Kiingereza. Mimi ndiye niliyempeleka, na mimi ndiye niliyepewa karatasi. Njiani kurudi akaniuliza, "Wameandikaje?" Nikamwambia, "Jipu, mama. Dawa hizi zitaliyeyusha." Halikuwa jipu. Nilijua kabisa. Niliogopa uso wake, Jaha, niliogopa kuutazama nikiwa nasema neno lile. Nikajiambia nitasema kesho, kisha nikajiambia Ijumaa.

Mama yako naye aliniuliza. Nikamjibu hivyo hivyo, jipu. Akaamini, akaenda Kiteto na baba yako kuvuna, wewe ukiwa mgongoni. Aliporudi tulikuwa tumeshazika. Baadaye akaikuta karatasi, akaipeleka kwa mganga wa zahanati amsomee. Tangu siku hiyo kitu chochote nikisemacho mimi yeye hukipima mara mbili, na kingine hakipimi, anakitupa tu. Sijawahi kumlaumu.

Nilipoona kifungu chako nilijua si cha mwalimu. Nilijua tangu Aprili, na bado niliandika liache kwanza. Umeona? Miaka kumi na miwili, na nimefanya lile lile.

Sasa nifanyeje? Nikija huko atanifungia mlango. Nisipokuja siku zinakwenda. Usimwambie bado, nipe siku chache nitafute namna. Barua hii ichome.

Mwanahawa


Busi
27 Mei 2024

Kwako Mama mdogo,

Shikamoo. Sikuweza kuichoma. Castory alifika nikiwa shuleni, akampa mama mkononi.

Niliporudi alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, ungo wa alizeti umelala mapajani, hapepeti. Barua iko juu ya alizeti, imefunguliwa. Harithi alikuwa ametumwa dukani. Nilisimama na begi mgongoni. Nilidhani atanipiga, na ningependa anipige.

Akasema, "Kailete ile karatasi."

Nikaileta. Akasema, "Kaa. Nisomee."

Nikamwambia, "Mama, nimeshakosa, nisamehe."

"Sijakuuliza kosa. Pale Kondoa daktari aliniambia kwa Kiswahili, niende Dodoma nikatolewe kinyama. Hata mama yangu aliambiwa kwa Kiswahili. Mdomo ulisema jipu, karatasi ikasema mengine. Sasa mimi nataka karatasi. Neno kwa neno, na usiruke."

Nikamsomea. Uvimbe usiouma, titi la kushoto, miezi minne. Ameshauriwa akapimwe kipande cha nyama. Amekataa. Arudi baada ya wiki mbili.

Akauliza, "Basi? Hapana jina la ugonjwa?"

"Hapana, mama."

"Kufa hakuna?"

"Hakuna."

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema tangu Januari alikuwa na hakika kuwa kwenye karatasi ile ameandikiwa kufa, ndiyo maana aliikunja mara nne, ili hata mwenyewe asiione. Akaniambia nimguse. Nikagusa. Ni kigumu, Mama mdogo, kama kokwa. Sitaki kuandika zaidi.

Baba ameshaambiwa, kwa simu, mama alimwambia mwenyewe. Baba akasema anauza alizeti ya shamba la chini na anakuja.

Mama amekubali kuja Dodoma, kwa sharti. Kila kitakachoandikwa atasomewa na mimi, si na wewe. Samahani, hayo ni maneno yake. Shule zinafungwa Ijumaa, kwa hiyo nitakuja naye. Kasema tutalala kwako kwa sababu hana ndugu mwingine mjini. Nilipomwuliza nikuandikie nini tena, akasema, "Mwandikie hivyo hivyo."

Tutafika na basi la Castory Jumapili, tarehe 2 Juni.

Jaha


Miyuji
9 Julai 2024

Mwanangu Jaha,

Nadhani mmefika salama na baba yako aliyekuja kukuchukua, na kambi ya mtihani imeanza. Mwezi ule mliokaa hapa nyumba ilikuwa na watu, sasa Naima anakuita kila akiamka. Harithi mwambie mama yake anakula.

Mama yako yuko hapa mbele yangu, kwenye kochi, ananitazama ninavyoandika. Majibu ya kile kipande cha nyama yametoka leo. Daktari, mama mmoja mtaratibu, alituketisha akamweleza mama yako kwa Kiswahili, taratibu, mara mbili. Mama yako akamsikiliza, akamwambia asante, kisha akasema, "Na karatasi naomba niende nayo, mwanangu ataisoma." Daktari akaitoa.

Amenikataza nisikwambie neno lolote la daktari. Anataka Kiswahili chako akiweke kando ya kile alichoambiwa, aone kama vinalingana. Najua ni mzigo mzito kwa mtoto wa miaka kumi na mitano, nami nimemwambia hivyo. Akanijibu, "Wewe ulibeba ukiwa mkubwa kuliko yeye, ukaangusha."

Kwa hiyo nanakili tu kama ilivyo:

"Carcinoma, left breast, 2 cm. No spread found. For surgery 30/7."

Simu hamruhusiwi kambini, najua. Nampa Castory barua hii kesho asubuhi, naye ameapa kuifikisha kwa mkono wake. Tafadhali, Jaha, andika unachokiona.

Mwanahawa


Busi
14 Julai 2024

Kwako Mama mdogo, na kwa Mama,

Shikamoo nyote wawili. Harithi hajambo, anakaa na baba, baba anapika ugali mgumu na Harithi halalamiki. Baba amesema atakuja huko tarehe ishirini na nane, Harithi atakaa kwa jirani.

Barua niliipata darasani wakati wa kujisomea. Neno la kwanza sikulijua. Nikaenda kwa Mwalimu Ludovick ofisini, nikamwomba kamusi yake kubwa, nikamwambia ni swali la nyumbani. Aliniangalia nikilitafuta. Nilipolipata nilisimama tu pale. Akaja, akasoma karatasi yangu, akavuta kiti akaniwekea nyuma yangu. Nikakaa. Nilikaa mpaka kengele ikagonga mara mbili.

Mama, umesema neno kwa neno na nisiruke.

"Carcinoma" ni saratani.

"Left breast", titi la kushoto.

"2 cm", sentimita mbili. Nimeipima kwa rula, ni kama upana wa kidole gumba chako.

"No spread found", hawajaona kuwa imesambaa. Nililiuliza hili mara tatu kwa Mwalimu kwa sababu nilitaka liseme zaidi ya hapo. Anasema haliahidi kuwa haipo kwingine. Linasema wametafuta na hawakuiona. Nimeliandika kama lilivyo.

"For surgery 30/7", upasuaji tarehe 30 mwezi wa saba. Hii 30/7 ni tarehe, si kama ile ya wiki.

Hayo ndiyo yote. Nimehesabu maneno na tarakimu za Kiingereza na za kwangu, hakuna kilichobaki.

Mama, naogopa sana. Sikuwa nataka kuandika sentensi hii lakini nayo ni kweli.

Mwanao,
Jaha


Miyuji
4 Agosti 2024

Mwanangu Jaha,

Marahaba. Baba yako yuko hapa, Naima hataki kushuka mapajani pake. Najua macho yako yanarukaruka kutafuta habari, kwa hiyo naisema hapa juu: mama yako amepasuliwa, yu hai, ameamka, na jana alikunywa uji.

Sasa nikueleze yalivyokuwa, kwa mpangilio.

Barua yako ilifika tarehe kumi na nane. Miwani ya mama yako ilikuwa imevunjika mkono, akaigeuzageuza barua, akaisogeza mbali, akairudisha. Nikasema, "Nimwite binti wa jirani akusomee?" Akasema, "Binti wa jirani ana nini na mambo yangu? Soma wewe."

Nikaanza. Salamu nikasoma, Harithi na ugali wa baba yake nikasoma, akacheka kidogo. Kiti cha Mwalimu nikasoma. Nilipofika kwenye mstari wa saratani sauti ikakatika. Nilikuwa nimeliona neno lenyewe, jeusi, kwa mwandiko wako, na mdomo haukuweza kulitoa. Jaha, nilikuwa na miaka ishirini na miwili tena, ndani ya basi, na mama ananiuliza wameandikaje.

Dada akangoja. Hakunihimiza. Baadaye akasema, "Mwanahawa." Hajaniita jina tangu msiba wa mama, amekuwa akiniita mama Naima, na kabla ya Naima alikuwa haniiti. "Mwanahawa, soma. Mimi nimeshajua. Nataka kukusikia wewe ukisema."

Nikasema. Nililisema nikiwa namtazama usoni.

Akatikisa kichwa, akasema, "Ndivyo alivyosema daktari. Endelea." Nikaendelea mpaka mwisho, pamoja na ile sentensi yako ya kuogopa. Hapo ndipo alipolia. Tukalia wote.

Tarehe thelathini aliingia saa tatu asubuhi, akatoka saa saba. Mimi na baba yako tulikaa kwenye benchi la nje. Wameondoa titi. Wamechukua na tezi za kwapani wazipime, majibu bado wiki mbili, na kuna dawa za kuendelea nazo miezi kadhaa ambazo daktari amesema zitamchosha na zitamnyonyoa nywele. Siwezi kukuambia kuwa yamekwisha. Hayajaisha. Mimi pia naogopa, na nikiamka asubuhi naenda kwanza mlangoni kwake kusikiliza anavyopumua.

Juzi walitupa karatasi ya kutoka wodini, kurasa mbili, Kiingereza kitupu. Nilitaka kuinakili nikuletee. Mama yako akasema hapana, akasema, "Mtoto ana mtihani. Mwache asome ya shule." Akaniachia nafasi pembeni ya kitanda, upande ule wa kulia usio na bandeji, akanipa karatasi.

Nimeshamsomea ukurasa wa kwanza. Anaoga sasa, baba yako anamshikia kopo. Akitoka tunaanza wa pili.

Mama yako mdogo,
Mwanahawa